Sauti Zote Zinatoka Kulia

…ananiita tena, Baba Redempta weee, uji unapoa, na sauti inatoka kulia, lakini kulia ndiko zinakotoka sauti zote tangu homa ya mwaka jana iliponiulia sikio la kushoto, jogoo kulia, kengele ya kanisa kulia, hata pikipiki inayotaka kunigonga kwa nyuma nayo kulia, na ukungu wa leo umemeza shamba lote, naona ntumba mbili tatu tu, hivi vilima vya majani niliyoyafukia mwenyewe kwa jembe, vyote sura moja, nimechoka jamani, daktari kule mjini alinieleza vizuri, sauti hufika kwanza kwenye sikio la karibu, halafu la pili, kichwa kinapima huko kuchelewa kidogo ndipo mtu anajua ageukie wapi, sasa mwenye sikio moja atapima nini na nini… jana niliifuata hiyo kulia nikaibukia kwa jirani Gabriel, akacheka, vipi, shemeji kakufukuza?, nikamwambia nimekuja kuangalia mpaka, na mke wangu Kalista naye ameshajiamulia, kwamba tangu tulipogombana juu ya yule maksai niliyemuuza nimemnunia, nikiitwa siji, nikija natokea upande mwingine… "Baba Redempta! Hata kuitika?" Sasa sauti ina machozi, hilo nalisikia kwa hili moja, "Kama hunitaki sema, nirudi kwetu Mwazye!" Mwazye, ee Mama Bikira Maria, ndoa ivunjike kwa ajili ya sikio, na nimemficha mke wangu habari hii kwa kuogopa tu ataniona mzee kabla ya siku zangu, wa kushikwa mkono, wakati sisi tulipokuwa wadogo tukichunga ng'ombe katika ukungu kama huu aliyepotea alisimama palepale akapiga kelele, wenzake wakamfuata, na hakuna aliyemcheka, kwa nini basi nahangaika kumtafuta yeye, yeye ana masikio mawili, mimi kinywa ninacho, kinanitosha, naona aibu na bado kinanitosha… ukungu haujasogea, uji sijui uko upande gani, bado nimesimama palepale, lakini jembe nimelilaza chini na koo limefunguka, Mama Redempta, sijakununia, sikio langu moja limekufa, sijui uko wapi, nisikilize mimi, njoo unichukue.