Mistari ya Alama za Kuuliza

Karatasi aliyokuja nayo mhandisi mkutanoni ilijaa alama za kuuliza, mstari baada ya mstari, kana kwamba aliyeiandika hakuwa na la kusema ila kuuliza. Aliikunja na kuiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Kamati ilikuwa inaamua barua pepe za maandishi matupu, yasiyo na picha wala mapambo, zibebe herufi zipi. Mitambo ya kuzipeleka ilijua herufi chache tu. Za lugha nyingine ilizimeza, ikatema alama za kuuliza. Desturi ya kamati ilikuwa hii: kimya ni kukubali, na anayepinga alete mezani ujumbe ulioharibika. Mhandisi alikuwa bingwa wa kimya. Mkutano hata mkutano, kimya chake kilihesabiwa upande wa wenye mitambo ya zamani.

"Tukiruhusu kila herufi, mitambo mikongwe itakwama," mwenyekiti alisema. "Wageni waandike kwa herufi zetu hizihizi, yaishe. Kuna mwenye neno?"

Katibu alikuwa ameshaanza kuandika kwamba wote wamekubali. Mhandisi akaikunjua karatasi.

"Hii ni ya mama mkwe wangu," alisema. "Aliniandikia mwanawe, mume wangu, alipofariki. Hakuweza kusafiri kuja kuzika."

Mwenyekiti alivaa miwani. "Anasema nini?"

"Sijui. Zamani walikuwa wakipigiana simu na mwanawe kwa lugha yao, mimi nikisalimia tu. Nikaona aibu kumwambia kwamba sikupata hata neno. Nikamjibu: asante mama, nimeelewa. Hakuandika tena. Huenda aliuliza tumemzika wapi."

"Haiwezi kurudishwa?" katibu aliuliza.

"Mtambo ukishabadilisha, maneno yenyewe hayapo tena."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Katibu," alisema taratibu, "andika kwamba kuna anayepinga."

Mjadala haukuisha siku ile. Uliburuzwa mikutano mingi, watu wakavunjiana heshima, na mhandisi akasema mpaka akachokwa. Hatimaye herufi zote zikaruhusiwa, na wenye mitambo mikongwe wakapewa muda wa kuibadilisha.

Ndipo likaja lililomtisha kuliko kamati nzima. Alitafuta mkalimani, akamwandikia mama mkwe ukweli: ule ujumbe wako sikuusoma, mama, nisamehe, niandikie tena.

Alisubiri, akakata tamaa, akasubiri tena. Jibu lilipofika, lilifika zima, herufi zake zimejikunja na kushikana, hakuna hata moja iliyopotea. Alitaka kulipeleka kwa mkalimani palepale, lakini mkono ukasita. Kulikuwa na neno moja analolijua. Mumewe aliwahi kumwandikia kwa kidole kwenye kioo cha dirisha chenye ukungu, akicheka, akimwambia, hili ndilo jina analoniita mama.

Machozi yalimtoka. Akaanza kulitafuta, mstari baada ya mstari, akiligusa kila alipolikuta.