Shuka la Sita kwa Sita

Mlinzi wa jengo ndiye aliyembatiza. Siku ile binti aliporudi kutoka mtihani wa kujiunga na zimamoto, suruali imejaa vumbi la ngazi, mlinzi alimuuliza, "Umeanguka wapi?"

"Ghorofa ya nne."

"Kati ya ngapi?"

"Sita."

"Basi karibu nyumbani, Nne."

Jina likanasa kama gundi.

Mtihani wenyewe hauna maneno mengi. Unawekewa begani mpira wa maji wa kilo kumi na tano, unapanda ghorofa sita, na dakika tatu zisiishe hujafika juu. Nne alitoka mbio kama anafukuzwa na mbwa, akawaacha wote nyuma. Kufika ghorofa ya nne kifua kikabana, macho yakaona giza, akakaa chini puu. Alikuwa amebakiwa na nafasi moja, baada ya miezi mitatu. Akishindwa hiyo, haitwi tena.

Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa palepale kwenye jengo, chini ya ngazi.

"Nitakufundisha mimi," alisema, sindano mdomoni.

"Shangazi, wewe ukipanda ghorofa moja unaomba maji!"

"Nimesema nitapanda? Nimesema nitafundisha."

Nyumba moja ya wageni ilikuwa imemwagiza mashuka mia ya vitanda vikubwa na vidogo, yote meupe, ya kupelekwa kwa mpigo. Basi kila asubuhi shangazi aliweka shuka kwenye cherehani yake ya kukanyaga, Nne akabeba begani gunia la vipande vya vitambaa. "Haya!" Nne anapanda ghorofa zote nne za jengo lao na kushuka, mara mbili. Shangazi anapinda pande mbili za shuka. Atakayechelewa anaosha vyombo.

Wiki mbili za kwanza alikatazwa kukimbia. "Anza polepole mpaka uone aibu," shangazi alisema. Kila Jumatatu gunia liliongezwa vipande, konzi moja tu, si zaidi. Na siku mbili kwa wiki, hakuna ngazi.

"Lakini nina nguvu leo!"

"Hata mashine hii nikiikanyaga siku saba mfululizo, mkanda unalegea. Chukua kopo la vifungo, nenda kakae ghorofa ya nne."

"Kufanya nini?"

"Kushona vifungo. Pale ulipoangukia."

"Sikuangukia hapa, shangazi. Nilianguka kwenye jengo lao."

"Kichwa chako kinajua tofauti? Nenda."

Akaenda. Sindano ikiingia, anavuta pumzi. Uzi ukivutwa, anaitoa. Mwanzoni viganja vilimlowa jasho kwa kuiona tu ile namba nne iliyopakwa rangi ukutani. Mwezi wa pili akawa anashona huku anaimba, na watu wa ghorofa hiyo wanamletea mashati yaliyong'oka vifungo.

Tatizo lilikuwa vyombo. Karibu kila siku aliosha yeye. Akitua gunia chini, shangazi ameshakata uzi, kamshinda kwa muda wa kupinda kona moja ya shuka. Mwezi wa kwanza, kona moja. Mwezi wa pili, kona moja. Mwezi wa tatu, ileile.

"Nimefika mwisho wangu, shangazi. Siongezeki."

"Sugua na sufuria, ina ukoko."

Siku moja kabla ya mtihani, shangazi alimwambia akapumzike mchana. "Tandika lile shuka la asubuhi. Limeingia doa la mafuta, wageni hawatalitaka."

Nne akalitandika kwenye kitanda chake chembamba, akijua shuka la sita kwa sita litaburuza sakafuni. Halikuburuza. Lilikaa sawasawa, kama limepimwa hapohapo. Akaliangalia. Kitanda chake kilikuwa futi tatu na nusu kwa sita.

Akakimbilia marundo yaliyosubiri kupelekwa. Ya chini kabisa, ya mwezi wa kwanza, yalikuwa sita kwa sita. Juu yake tano kwa sita. Kisha nne kwa sita. Yeye siku zote aliona lundo jeupe mapajani mwa shangazi, basi.

"Shangazi! Umeniibia!"

"Nimekuibia nini?"

"Shuka limepungua karibu nusu!"

"Na wewe ulikuwa unachelewa kwa kiasi gani?"

"Kona moja."

"Shuka limepungua, na kona bado ni ileile ya mwezi wa kwanza?"

"Ileile ya..." Kicheko kikampanda chenyewe kutoka tumboni.

"Haya," shangazi alisema. "Vyombo vya leo bado ni vyako."

Kesho yake walipanga mstari watano. Kijana mmoja mwenye kifua kama kabati alimwona anavyoanza kwa hatua fupifupi, akamrushia neno akimpita: "Dada, umekuja kutembea?"

"Ndiyo, tangulia!"

Ghorofa ya kwanza, ya pili, pumzi inaingia, pumzi inatoka. Ya tatu akawapita wawili. Ya nne alimkuta Kabati kaegemea ukuta, anahema kama mashine ya kusaga. Mpira ulikuwa mzito, mapaja yanawaka, lakini vidole vya Nne vilikuwa vimetulia kabisa, kama vimeshika kifungo. Karibu nyumbani, alijiambia, na ndipo akafungulia miguu.

Juu, msimamizi alitazama saa yake mara mbili. "Dakika mbili na sekunde ishirini na sita. Umepita. Nani anakufundisha?"

"Fundi cherehani."

Msimamizi alidhani ni utani.

Getini, mlinzi alimsoma usoni, akapiga saluti. "Itabidi sasa tukuite Sita."

"Niachie Nne yangu. Nimeshaizoea."

Ndani cherehani ilikuwa kimya. Shangazi alikuwa ameinama kwenye karai, povu hadi viwikoni, anasugua sufuria.

"Usinitazame hivyo," alisema bila kugeuka. "Leo nimechelewa mimi."