Udongo wa Ng'ambo

Absalom alikuwa mkaidi, na mkaidi akishapata kazi ya kufanya kwa mikono yake, basi tena, hasikii la mtu. Mwaka ule wa sabini na saba mvua zilizidi, na Mto Nyando ukaanza kulimega shamba lake la mtama. Majirani walikaa wakilia na kuomba. Yeye alikuwa amefanya kazi gatini Kisumu, akaona jinsi magogo yanavyopigiliwa ziwani yakasimama. Akajiambia, kama ziwa zima linavumilia magogo, huu mto wa matope ni nini?

Akakata miti, akaichonga ncha, akaipigilia kwenye kona ambapo maji yalikuwa yakiupiga ukingo wake. Katikati ya miti akashindilia magunia ya mawe. Mkewe Anyango alibeba mawe hayo kichwani mpaka shingo ikakakamaa. Ouma, jirani aliyevusha watu kwa mtumbwi, alisimama akatazama, akacheka.

"Bwana Absalom, sasa unafunga mto kama mbuzi?"

"Cheka tu. Utakuja kuniomba nikufungie wa kwako."

Na mto ukasikia! Hilo ndilo lililomponza. Maji yalifika kwenye magogo, yakajikunja, yakashika njia nyingine. Ukingo ukatulia, mtama ukapona, watu wakatoka mpaka Katito kuja kuangalia. Absalom alitembea kifua mbele siku zile, ungedhani Nyando aliuchimba yeye.

Lakini maji hayapotei jamani. Ukiyafukuza hapa, yatapiga pale. Na pale, ng'ambo ya pili, chini kidogo ya magogo yake, ndipo ilipokuwa nyumba ya mama yake.

Zamani yote hiyo ilikuwa ardhi moja. Mafuriko ya sitini na moja yaliufanya mto uache njia yake na kupita katikati, boma la baba yake, mzee Obiero, likabaki ng'ambo na shamba likabaki huku. Mzee alimvusha mwanawe, Absalom akiwa na jogoo kwapani na Anyango nyuma amebeba moto, akamwonyesha mahali pa kufungua boma lake mwenyewe, kama desturi inavyotaka. Baadaye mzee akafa. Walimzika ng'ambo kando ya nyumba ya mkewe, Seline, na Seline akabaki huko na kaburi lake na kuku wake.

Ndiye aliyeleta habari. "Mto unakula ua wangu," alisema siku moja, kwa sauti ya mtu anayelalamikia panya.

Absalom akavuka kwenda kuona. Ua wa minyaa upande wa mto haukuwepo tena. Alisimama ukingoni pa mama yake, akatazama kwake, na kwa mara ya kwanza akayaona magogo yake kutoka upande ule. Aliyaona maji yakija mpaka pale, yakigonga, yakigeuka, yakinyooka moja kwa moja kuelekea alipokuwa amesimama. Udongo ukamomonyoka chini ya kidole chake cha mguu. Yaye! Ni mimi, akawaza.

Hakungoja kushauriwa. Alimchukua Ouma na kamba, wakaingia majini kuyang'oa magogo yale yale aliyoyapiga kwa majigambo. Wakavuta mpaka viganja vikachubuka. Ouma siku hiyo hakutania hata neno moja. Yalitoka yote, wakayarundika ukingoni, na Absalom akakaa juu yake kusubiri mto urudi kumla yeye.

Haukurudi. Ulikuwa umeshajichimbia shimo refu upande wa mama, na upande wake umeacha tope la kufika magotini. Maji hushuka penye kina, hayajali nani anajuta. Akatupa mawe ng'ambo, yakamezwa. Akapanda matete, yakaondoka na mizizi. Absalom aliuchukia mto ule kama anavyochukiwa mtu, na mto ukaendelea kupita.

"Mama, vuka uje kwangu," akasema.

"Nilale wapi?"

"Kwangu. Nitakujengea."

"Ndani ya boma ulilofungua wewe na mkeo?" Seline akamkazia macho. "Mimi niliyekuzaa nilale humo? Unataka wajukuu wangu wakonde kwa chira mpaka wafe?"

Mchungaji naye akavushwa kuja kumshawishi. Akamwambia mwiko wa mama kutolala bomani kwa mwanawe ni mambo ya kale, na Mungu haleti laana ya chira. Seline akamsikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Mchungaji, mama yako amewahi kulala bomani kwako?" Mchungaji akaomba sala fupi akaondoka.

Likabaki la kungoja tu. Hakuna kazi mbaya kama kungoja kitu ambacho umekileta mwenyewe na huwezi kukirudisha. Asubuhi moja ukingo ukapasuka, kaburi la mzee Obiero likateremka majini taratibu, na msalaba wake ukafuata. Seline hakupiga nduru. Alisema, "Haya, ametangulia," akaanza kutoa vyungu nje. Jua lilipokuwa utosini nyumba ikaenda, na Ouma akamvusha na kigoda chake, vyungu vyake na kuku.

Hakukubali kuingia langoni kwa mwanawe. Alishuka akifuata maji mpaka mwisho wa shamba, mahali mto unapokata kona nyingine na kupoa. Pale Nyando ulikuwa umemwaga ardhi mpya, kipande kipana chenye unyevu, hata nyasi bado. Seline akainama, akachota udongo. Ulikuwa mwekundu, na ndani yake mlikuwa na kigae cha chungu.

"Hiki chungu nilikivunja mimi," akasema. Uso wake ukafunguka. "Absalom, huu si udongo wa boma lako. Ni wa boma la baba yako, umekuja mwenyewe. Hapa nitalala. Nijengee hapa."

Absalom akamtazama Ouma. Ouma akatazama mtumbwi wake. Anyango akaufunika mdomo kwa leso. Wote watatu walijua kwamba ulichokiweka mto msimu huu utakichukua msimu ujao, na wote watatu walijua kwamba mama huyu hana mahali pengine popote chini ya jua pa kuweka mkeka.

"Sawa, Mama," akasema.

Miti iliyokuwepo ni ile ile aliyoing'oa. Akaivuta mmoja mmoja mpaka pale. Akasimamisha nguzo ya kwanza, akanyanyua nyundo, kisha akaiweka chini. Haikuhitajika. Alipoegemea nguzo kwa mikono tu, ilizama yenyewe, laini, kama inavyozama kijiko kwenye uji.

Mama yake akapiga makofi kwa furaha pale kigodani.

"Unaona, mwanangu? Udongo wa baba yako umeipokea. Sasa unalia nini?"