Mkono Kwenye Picha

Umewahi kuutambua mkono wa mtu pasipo kuuona uso wake? Mama Masijala aliutambua asubuhi ya Jumatatu, katika picha ya ukurasa wa nne wa barua ya serikali, muhuri ukiwa umeshaloa wino. Kidole cha mwisho kilipinda kwa nje, kana kwamba kimegombana na wenzake. Mlango wa gari la ofisi ndio uliokipinda.

Barua yenyewe ilikuwa jibu. Wiki tatu nyuma, wakubwa wa kimataifa waliutia mwamba wa matumbawe wa nchi katika orodha ya urithi ulio hatarini, na wizara nzima ikakosa raha. Sasa serikali ilijibu kwamba mwamba ni mzima. Chini ya picha ya matumbawe mekundu na ya zambarau, yaliyonona kama bustani baada ya mvua, paliandikwa: "Hali ilivyo mwaka huu."

"Gonga, mama, dereva yuko mlangoni," alisema Mkurugenzi, aliyelingana umri na kifungua mimba wa mama huyo. "Wametuandikia utadhani tumefiwa. Sisi tunawaonyesha mgonjwa kakaa kitako, anakula, anacheka."

"Na huu mkono ni wa nani, bosi?"

"Wa mzamiaji. Mkono ni mkono, mama."

Angejuaje? Zamani rula ya wizara ilizama baharini, na ombi la kununua nyingine likazunguka meza hii na ile mpaka likachoka. Mzamiaji wa wakati huo akaamua kuweka kiganja chake kando ya kila tumbawe kabla ya kupiga picha, ili ukubwa wake ujulikane. Jioni alirudi nyumbani ananuka chumvi, na mkewe, ambaye ndiye aliyezipanga picha hizo masijala, akamtania: "Iko siku wataajiri mkono, wewe ubaki kunimenyea viazi."

Miaka kumi na moja imepita. Waliomzika walikwishahamishwa au kustaafu. Mapezi yake ya kuogelea bado yananing'inia nyuma ya mlango wa jikoni, mpira umekakamaa. Mtu akimuulizia, Mama Masijala hujibu, "Hayupo," kama vile katoka mara moja kununua kiberiti. Hakuna anayeuliza zaidi. Mchana hula peke yake katikati ya makabati, akisikiliza vicheko vya wenzake vikipita koridoni bila kugeukia kwake.

Alibakiza miezi minne astaafu. Kugonga muhuri ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Badala yake aliinama, akavuta jalada la chini. Picha za mwezi uliopita zilikuwemo, kazipanga mwenyewe: matumbawe yaleyale, meupe pe kama mifupa iliyoanikwa, na kando yake rula mpya ya plastiki.

"Mama, unatafuta nini tena?"

Aliilaza picha mpya kando ya ile ya zamani. Akaufuta muhuri wino kwa kitambaa, taratibu, kona zote nne, akaurudisha kwenye kikasha chake.

"Huu mkono ni wa mume wangu," alisema. "Amekufa, bosi. Sijawahi kulitamka neno hilo humu ndani. Amekufa, na matumbawe haya aliyoyapima yamekufa. Tuwaandikie hivyo."