Swali la Mtumaji

Siku hizi nani anatuma hela kwa posta? Nilimuuliza hivyo mume wangu, Raimundi, tulipopigiwa simu kwamba kuna hela yetu posta ya Mbinga. Tangu tumzike mwanetu Emilian, mwaka wa nne huu, ukimuuliza kitu anakunja uso na kwenda zake shambani kwenye kahawa. Ila safari hii nilimburuta.

Kuzika, nasema kuzika tu. Emilian alizama akivua ziwani, kule Liuli. Raimundi alishuka huko peke yake kumfuata, akarudi na jeneza limepigwa misumari. "Ziwa halikumtoa," akaniambia. "Humu mna mgomba." Ndiyo desturi, mwili ukikosekana. Mimi nikasema kama hajaonekana, hajafa. Kila jioni nampakulia ugali wake na samaki. Majirani pale kijijini kwetu Namswea wananicheka. Wacha wacheke, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Kaunta tulimkuta binti mgeni, mtu wa Tanga, adabu tele.

"Shikamoo mama. Hela yenu ni ile mliyokuwa mkiita ya telegramu. Siku hizi inakuja kwa kompyuta, ila utaratibu ni ule ule. Mtumaji kaacha swali, mkilijibu sawasawa mnalipwa."

"Nani katuma?"

"Emilian Raimundi. Kutoka Liuli."

Mama yangu wee! Nilicheka, nikalia, nikampiga mume wangu begani. "Unaona, Baba Emilian? Yu hai! Si nilisema?" Yeye alikuwa anatokwa jasho, na baridi yote ile ya Mbinga.

Binti akasoma swali: "Ndani ya jeneza mliweka nini?"

Jibu nilikuwa nalo. "Mgomba."

Akabonyeza. "Si sahihi, mama."

"Si sahihi vipi? Mgomba, binti! Muulize huyu, ndiye aliyepiga misumari!"

Raimundi alishika kaunta kwa mikono miwili. Akasema polepole, "Emilian."

Binti akabonyeza. "Sahihi, baba."

Nilimrukia mume wangu hapo hapo posta. Miaka minne! Miaka minne nampakulia maiti ugali, naye kakaa pembeni ananitazama!

"Mamba walimwahi, Mama Emilian," alisema, wala hakujikinga. "Hakuwa wa kutazamwa na mama yake. Nikaona heri umsubiri."

Heri? Nilikuwa na hasira ya kuua mtu. Nikamwinulia mkono tena.

"Mama, ngoja." Sauti ya binti ilikuwa imebadilika. Alikuwa amejisogeza mbali na kompyuta yake. "Kuna ujumbe hapa. Mwanzoni haukuwepo, naapa haukuwepo."

"Usome."

"'Mama, usimpige. Alinibeba peke yake.'"

Mkono wangu ulibaki juu. Kisha nikaushusha begani kwa mume wangu, nikahisi anavyolia.