Picha ya Mama Kapinga Getini

Zaina alirudi Kamina na shahada yake ya uongozi wa kazi, na shaka hakuwa nayo hata chembe. Baba yake, mzee Alfani, alikuwa amemwachia karakana ya sabuni nyuma ya stesheni, na shule moja ya bweni ilikuwa imeagiza katoni mia mbili kufikia Ijumaa. Zikikosekana, shule inahamia kwingine na karakana inafungwa. Na aliyejua kuipika sabuni ile alikuwa mmoja tu, Mama Kapinga.

Makosa ya waliomtangulia Zaina aliyajua yote. Mzee alitawala kwa filimbi na saa ya ukutani: dakika arobaini motoni, epua, mimina, asiyeweza akalime. Kwake mfanyakazi alikuwa mikono miwili, basi. Akaja kaka yake, Yusufu, na primu: anayekata vipande vingi anaongezewa. Loo, vilikatwa kweli! Sabuni ikatoka mbichi, ikawachubua mikono akina mama wa sokoni, wakairudisha wamenuna. Profesa wa Lubumbashi alimfundisha Zaina kwamba mtu hafanyi kazi kwa hofu wala kwa tumbo peke yake, anataka kuheshimiwa. Haya, yeye angemheshimu Kapinga mpaka mji mzima uone.

Jumatatu asubuhi akaikuza picha ya Mama Kapinga, akaitia fremu, akaiweka juu ya meza getini. Pembeni akasimamisha matawi mawili ya mchikichi, eti urembo. Mtu aliyekulia Kamina, aliyepita mbele ya misiba mingapi sijui, asikumbuke kwamba picha na matawi mlangoni ni tangazo la kifo! Lakini kwao Waislamu picha ya marehemu haiwekwi nje, na kichwa chenyewe kilikuwa kimejaa profesa.

Saa tatu waimbaji wa parokia walikuwa wamefika. Kabedi, mdogo wake Kapinga, alikuwa anagaagaa chini akilia. Ndipo Mama Kapinga mwenyewe akatokea juu ya pikipiki, na bidoni zake zilizojaa mawese ya sabuni kutoka sokoni, akaukuta msiba wake.

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mbele ya picha, akasema anakwenda Luena kwa binti yake, kulima.

Zaina aliona aibu. Hakujitetea. Aliyang'oa matawi mbele ya watu wote, akamwomba msamaha Kabedi kwanza, kisha dada yake. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kufanya jambo ambalo kwa miezi mitatu tangu arudi hakulifanya: aliuliza. Mama Kapinga anataka nini?

Mama Kapinga alinyoosha kidole ukutani mwa karakana.

"Minyi sikutafuta picha, Madame," alisema. "Miaka kumi na mbili, ile saa njo inasema sabuni imeiva. Saa haina macho. Minyi niko na macho."

Zaina akageuka. Saa ya baba yake ilikuwa palepale ukutani. Yusufu aliiacha pale, na yeye pia, pamoja na ujuzi wake wote, aliiacha pale. Aliibeba ile ndoo ndani, akapanda juu yake, akaishusha saa, akaifungia kabatini. Mama Kapinga alirudi kwenye ile meza ya getini. Aliichukua aproni yake.

Katoni zote ziliondoka Ijumaa, na shule ikaagiza tena. Ila karakanani wanapenda kusimulia ya Jumanne, pipa la kwanza lilipochemka na watu wote wakahisi kwamba zile dakika arobaini zimekwisha zamani. Zaina alitamani kusema iepuliwe. Badala yake akasogea motoni.

"Mama, imeiva?"

Mama Kapinga aliinua mwiko, akautazama uji wa sabuni ukidondoka.

"Bado. Lete kuni."

Na Zaina, na shahada yake, akaenda kuleta kuni.