Bibi Ameozwa Bila Posa

…na juu ya yote wamemwoza, wamemsimamisha humu makumbushoni ubavuni mwa sanamu ya mwanamume asiyemjua, chini wakaandika Mume na Mke, mti wa mfenesi, Toraja, mchongaji hajulikani, hajulikani na nani, Damaris anamjua, ni fundi Tandi, jirani yao, alimchonga bibi sanamu hii mwaka ule wa mazishi yake nyuma ya ghala la mpunga huku akiwafukuza watoto, na huyu mume ni nani, bibi Lai Kombong alifiwa na mumewe angali kijana, wakaja wachumba watatu na nyati wao wa mahari, akawarudisha na nyati wao, mdomo mwekundu kwa tambuu, kitanda changu kimezoea mtu mmoja, akasema, leo kwa kuwa hana wa kumsemea anaozwa bila posa, bila nyati, bila ukoo kuulizwa… mama, rudi nyuma kidogo, usiguse kioo, anasema mlinzi, kwa adabu, na adabu yake ndiyo inayouma, arudi nyuma aende wapi, huyu ni bibi yake, ana ufa ule ule chini ya sikio, na saruni ile ile ya bluu waliyomvika kabla hajaibwa kule kwenye roshani ya jabali zinakosimama sanamu za wafu, miaka ishirini na sita hajabadilishwa nguo, sanamu za marehemu wengine hubadilishwa kila Agosti, yeye yumo humu kama yatima, sasa basi, Damaris atakwenda ofisini kwao, atasema huyu ni wetu, mtoeni, na Pasang mdogo wake atamuunga mkono, Pasang aliyemshika mkono tangu mlangoni, mbona kiganja kimelowa jasho na humu mna baridi hivi…

"Dada, tusiende," anasema Pasang, hamtazami yeye wala bibi. "Watauliza nani aliwapa ngazi."

Ngazi… nani ametaja ngazi, kijiji kizima kilisema wezi walishuka kwa kamba kutoka juu, mama amekufa akiilaani hiyo kamba, na Pasang alikuwa na miaka kumi na tisa, mwezi ule alikuja na pikipiki, akampakia mama kwenda kanisani, mama akijivuna mbele ya majirani, ee Mungu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na yeye Damaris tangu asubuhi anawachukia walinzi, wakata tiketi, fundi wa vioo… mama, tafadhali, anasema mlinzi tena, na Damaris anarudi nyuma hatua moja, mkono wa mdogo wake angali ameushika, anaubana, hauachii ng'o, atakwenda naye hivi hivi mpaka ofisini, na huko atakayesema si yeye Damaris.